Daktari kasema "kwa sasa hatuoni kitu". Haya, mzee kapona au hajapona?

Mzee wangu alikuwa karani wa mahakama maisha yake yote ya kazi, kwahiyo siku alipomaliza dripu ya mwisho ya kimo, yaani dawa za kuua kansa, yake ni ya utumbo mpana, akapigwa picha, na daktari akasema "kwa sasa hatuoni kitu", sisi watoto tukaanza kushangilia pale pale koridoni, mdogo wangu keshatuma mesej kwenye grupu la familia BABA KAPONA kwa herufi kubwa, watu wanajibu amina amina, yeye kimya. Tumefika kwenye gari ndo akafungua mdomo: "Nyie mnafurahia nini, mimi sijaachiwa huru, nimepewa dhamana tu."

Tulidhani ni kisirani cha dawa. Sasa hivi tuko mwaka wa tatu wa kuripoti hospitali na naona yeye ndo alielewa kuliko sisi wote, tena bila kusomea udaktari. Naandika hapa kwasababu kila nikikutana na mtu mwenye mgonjwa wa kansa ya utumbo mpana aliyemaliza matibabu swali ni lile lile, sasa huyu kapona au bado? Na jibu halinyooki. Kiswahili chetu kina kupona na kina kupata nafuu, katikati hapo hamna neno, na mzee anaishi hapo hapo katikati.

Tuanzie kwenye hiyo sentensi yenyewe. "Hatuoni kitu" haimaanishi "hakuna kitu". Kansa inaanza na seli, na seli haionekani kwa CT skani. Mpaka uvimbe ufikie sentimita moja, yaani kama punje kubwa ya mahindi, humo ndani kuna seli mamia ya mamilioni tayari. Kwahiyo mashine ikisema safi inasema tu kwamba hakuna donge la ukubwa wa kuonekana, mbegu mbili tatu zilizolala kwenye ini haizijui na wala haina namna ya kuzijua. Ndo maana madaktari wengi wanakwepa neno kupona wanasema rimisheni, yaani ugonjwa hauonekani kwa sasa, au wanasema hakuna ushahidi wa ugonjwa. Mzee alipolisikia hilo la ushahidi alicheka kabisa, maana mahakamani kaona watu wangapi wanafutiwa kesi kwa kukosekana ushahidi, jamaa anatoka nje anakumbatiana na ndugu zake, hajafika getini kakamatwa tena.

Kuna kitu nilikuja kukielewa kwa kuchelewa sana na ningeambiwa mapema kingenipunguzia maswali. Mzee alipokatwa, kipande cha utumbo kilipelekwa maabara ya patholojia, wakaangalia kingo za kile kipande kama ziko safi na wakahesabu mitoki, vile vitezi vidogo vilivyo pembeni ya utumbo, iliyotoka nacho. Inatakiwa wachunguze angalau 12, kwasababu wakiangalia mitoki 4 wakasema yote misafi, hujui mtoki wa 5 ungesema nini. Ya mzee ilikuwa 14, miwili ikakutwa na kansa, hiyo ndo stej ya 3. Stej ya 1 na ya 2 ni kansa bado iko kwenye ukuta wa utumbo au imeutoboa lakini mitoki misafi, ya 4 imesafiri mpaka ini, mapafu au kwingine mbali.

Sasa sikiliza. Ukichukua watu wengi wa stej ya 3, karibu nusu yao kisu peke yake kingewatosha, kansa yote ilitoka siku ile ile ya opresheni na kimo haikuwa na kazi ya kufanya. Wengine wana mbegu zimebaki na kimo inaziua, hawa ndo dawa imewaokoa. Na kundi la mwisho dawa wamepata na ugonjwa utarudi tu. Makundi matatu, ila ukiwapanga kwenye benchi siku wanamaliza matibabu wote wanafanana! Wote vipimo safi, wote wamekonda, wote ganzi vidoleni, na hakuna daktari Dar, Nairobi wala London anayeweza kupita akagusa huyu na huyu akasema nyie nendeni msirudi. Tulikuwa tunamlaumu daktari wetu kwamba anatuficha, anajibu nusu nusu. Hakuwa anaficha, hajui, na hakuna anayejua. Wanachoweza ni kukaa na kusubiri muda upite, maana muda ndo kipimo kinachotenganisha hayo makundi kwa uhakika.

Na hapo ndo inapotoka ile habari ya miaka mitano. Watu wanaichukulia kama ni tarehe ya kumaliza kifungo, siku ya 1,825 geti linafunguliwa. Sio hivyo. Ni kwamba wale ambao kansa itawarudia, kama 8 kati ya 10 inarudi ndani ya miaka 3 ya mwanzo, na ikifika mitano wengi sana waliokuwa warudiwe wameshajulikana. Kwahiyo kila mwaka unaopita hatari inashuka, haishuki siku moja puu, inashuka taratibu kama maji kwenye ndoo iliyotoboka. Mtu aliyemaliza miaka miwili na nusu bila kitu hayuko pale pale alipokuwa siku ya kwanza hata kama bado hajagonga mitano, na hili nadhani madaktari wangelisema mara nyingi zaidi, linasaidia kulala usingizi. Ukigugo unakutana na asilimia za watu kuishi miaka mitano, zile zinahesabiwa kuanzia siku ya kugundulika, wewe uliyefika mwaka wa tatu sio zako tena, zako ni nzuri kuliko hizo.

Ukishaelewa hivyo ratiba ya kuripoti nayo inaeleweka. Kipimo cha damu kinaitwa CEA, nakieleza hapo chini, kila miezi 3 mpaka 6 miaka miwili ya mwanzo, alafu kila miezi 6 mpaka mitano iishe. CT ya kifua na tumbo kila miezi 6 au mwaka, inategemea hospitali na inategemea mfuko wako jamani tusidanganyane. Na kolonoskopi, ile kamera ya kupitisha nyuma, ya kwanza baada ya mwaka mmoja, ikiwa safi unakaa miaka 3, alafu kila mitano.

Hivi vipimo vitatu kila kimoja kina tabia yake na sisi tulivichanganya vibaya. CEA ni protini, iligunduliwa Montreal mwaka 1965 na Phil Gold na Samuel Freedman, na kansa nyingi za utumbo zinaimwaga kwenye damu. Kawaida inatakiwa chini ya 5. Lakini sio kansa pekee inayoipandisha, sigara inapandisha, ini likiwa na shida inapanda, utumbo ukivimba kwa ugonjwa mwingine usio kansa inapanda, na hizi dawa zenyewe za kimo zinaweza kuipandisha wakati ini linahangaika nazo. Ya mzee ilitoka 6.3 mwishoni mwa dawa. Mimi nilisoma ile karatasi kwenye daladala, nilishuka kituo sio changu. Tulikaa wiki sita tunanong'onezana jikoni asisikie, kumbe yeye keshaona namba muda mrefu na analala fofofo. Kurudia ikatoka 3.1. Daktari akasema tu kwamba hasomi namba moja, anasoma mstari: 2, 4, 7, 12 huo ni mstari wa kukufanya ukimbie, ila 3, 6, 3 ni kelele. Ndo maana inafaa upime maabara ile ile kila mara, maana mashine tofauti zinatoa namba tofauti kwa damu ile ile. Na kuna watu ambao kansa yao haimwagi CEA kabisa, kabla ya opresheni ilikuwa 1.8 na uvimbe upo tumboni mkubwa tu, kwa hao namba ndogo haiwapi ahueni yoyote ya maana.

CT yenyewe kesi yake nyingine. Inaona vizuri mpaka inaona visivyotakiwa. Mwaka jana ripoti ya mzee ikasema kuna kivuli cha milimita 4 kwenye pafu la kulia, hakieleweki, irudiwe baada ya miezi 3. Huku kwetu watu wangapi wana makovu ya TB ya zamani wala hawajui walishaumwa, na kovu na kansa ndogo kwenye picha vinafanana. Nikamuuliza daktari kwanini asichome sindano tu atoe kinyama tujue? Akasema milimita 4 kwenye pafu linalopumua, utakosa na utatoboa pafu. Kwahiyo unasubiri, na kusubiri kwenyewe ndo kipimo, kovu halikui, kansa inakua. Miezi mitatu baadaye 4 ikabaki 4. Ila hiyo miezi mitatu usiniulize ilikuwaje.

Kolonoskopi watu wanadhani inaangalia kama kansa imerudi popote, hapana. Kansa ikirudi mara nyingi inarudi kwenye ini, kwasababu damu yote inayotoka kwenye utumbo inapita kwenye ini kwanza kabla ya kwenda kwingine, alafu mapafu. Kamera haiingii ini. Yenyewe inakagua mshono na inatafuta vijinyama vipya kwenye utumbo uliobaki, vile ambavyo vikiachwa miaka kama kumi vinaweza kugeuka kansa nyingine mpya kabisa. Ndo maana inaweza kuwa safi kabisa na mtu akawa na tatizo kwenye ini, na kinyume chake. Kibaya zaidi sio kamera yenyewe, ni ile dawa ya kusafisha tumbo usiku wa kuamkia, mzee anasema angechagua opresheni ya pili.

Swali ambalo nililiogopa ni hili: tukikosa hela ya CT moja tumemuua? Kuna utafiti unaitwa COLOFOL, ulitoka 2018, ulichukua watu 2,509 wa Sweden, Denmark na Uruguay wa stej ya 2 na ya 3, nusu wakapimwa CT na CEA mara 5 ndani ya miaka mitatu, nusu mara 2 tu, mwezi wa 12 na wa 36 baada ya opresheni. Baada ya miaka mitano vifo havikutofautiana kwa maana. Sisemi acha vipimo, maana ikirudi ikakamatwa bado ni madoa machache kwenye ini inaweza kukatwa na watu wanaishi miaka mingi, wengine wanapona kabisa. Nasema tu kwamba aliyeuza kiwanja kwa kuogopa kuchelewesha skani mwezi mmoja angetulia kwanza akaongea na daktari wake. Kisichotakiwa kusubiri tarehe ni dalili: damu kwenye choo, kupungua kilo bila sababu, macho kuwa ya njano, kikohozi kisichoisha, maumivu yaliyokaa zaidi ya wiki mbili. Na tumbo likivimba, unatapika na hata hewa haitoki, hiyo ni usiku huo huo hospitali, mara nyingi ni utumbo umenasa kwenye makovu ya opresheni wala sio kansa, lakini inaua vizuri tu.

Shida ni kwamba mwili uliotibiwa una kelele nyingi na kila kelele inafanana na kansa. Ganzi kwa mfano. Mzee alipewa oksaliplatini kwa dripu na kapesitabini vidonge, miezi mitatu. Oksaliplatini inachoma mishipa ya fahamu, wakati wa dawa alikuwa akishika chupa ya maji ya baridi anaruka kama kashika umeme. Tukadhani dawa zikiisha ganzi inaisha. Ikaongezeka! Miezi miwili mitatu baada ya dripu ya mwisho ndo alianza kushindwa kufunga vifungo vya shati, na bi mkubwa akaamini kansa imeenda uti wa mgongo. Kumbe hiyo dawa ndo ilivyo, ganzi inaweza kuendelea kupanda miezi kadhaa baada ya kuacha alafu inashuka polepole, na wengine haiondoki yote. Hatukuambiwa, au tuliambiwa siku ambayo hakuna aliyekuwa anasikia.

Alafu choo. Wenzetu waliokatwa chini kabisa karibu na njia ya haja wana kazi, unaenda, umetoka, dakika kumi unaenda tena, mara sita saba asubuhi moja alafu kutwa nzima hamna, kwasababu ile sehemu ya kuhifadhia imeondoka. Inatulia kidogo kidogo kwa mwaka mmoja hadi miwili, sio wote. Wengine walitembea na mfuko tumboni kwa muda kabla ya kurudishiwa utumbo, wengine mfuko ni wa kudumu na wanaishi vizuri, nawajua wanaoimba kwaya. Mzee alikatwa juu kidogo lakini bado anaijua barabara ya Morogoro kwa vyoo, Chalinze kile cha sheli ya kushoto, Mlandizi usijaribu. Treni ya SGR ilipoanza 2024 kati ya Dar na Moro alifurahi kuliko waziri, na sio sababu ya spidi, ni kwasababu ina choo ndani.

Na kuna homa ya kipimo, sijui kama ina jina lingine. Wiki moja kabla ya tarehe nyumba nzima inabadilika, bi mkubwa anasafisha makabati usiku, mdogo wangu anagombana na watu mtandaoni, mzee anaanza kugawa vitu. Mara ya kwanza aligawa saa. Majibu yakitoka mazuri unafurahi siku mbili, ya tatu unaanza kuhesabu tena. Zamani niliona ni udhaifu wa imani kama shangazi anavyosema, sasa hivi naona ni akili ya kawaida tu ya mtu anayejua anachosubiri. Kilichotusaidia ni kukubaliana majibu yanachukuliwa na nani, siku gani, na anaambiwa nani kwanza, maana karatasi kukaa siku nne kwenye begi la mtu anayeogopa kuisoma ni mateso ya bure.

Watu wa nje nao wana michango yao. Kuna wa "usiitaje itarudi". Kuna wanaoleta mfano wa Ken Okoth, mbunge wa Kibra kule Nairobi, aliyesema hadharani ana kansa ya utumbo akafariki Julai 2019 na alitibiwa mpaka Ulaya, kwahiyo nyie wa hapa mtatoboa vipi? Mheshimiwa alisema mwenyewe kwamba yake ni stej ya 4. Stej ya 4 na ya 3 ni kesi mbili, hakimu tofauti, usichukue hukumu ya moja ukaibandika nyingine. Na kuna wa majani ya mstafeli. Hili naomba nilisemee taratibu kwasababu wanaoleta wanaleta kwa upendo. Ndani ya mstafeli kuna kemikali inayodhuru mishipa ya fahamu, na kisiwa cha Guadeloupe huko Karibi watafiti wameihusisha na watu kupata ugonjwa unaofanana na Pakinsoni, ule wa mwili kutetemeka na kukakamaa. Sasa mzee ambaye mishipa imeshachomwa na oksaliplatini unampa chai ya hiyo kila siku kikombe kizima, unatibu nini? Tunda ukila kipande sherehe za Idi hakuna shida. Dawa ya kunywa kila siku mwambie daktari kwanza, hata kama atakunja uso.

Kama unataka kitu cha kufanya kwa mikono yako, kuna kimoja ambacho safari hii kina utafiti nyuma yake na hakiuzwi. Mwaka 2025 yalitoka majibu ya CHALLENGE, utafiti ulioongozwa kutoka Canada, watu 889 waliomaliza kimo ya kansa ya utumbo mpana, nusu wakapewa mtu wa kuwasimamia mazoezi miaka mitatu, nusu wakapewa kijitabu cha ushauri. Baada ya miaka mitano, kwenye mazoezi 80 kati ya 100 walikuwa hai bila ugonjwa kurudi wala kansa mpya, kwenye kijitabu 74. Tofauti ya watu sita ukiisoma haraka ni ndogo, ila kuna dawa za bei mbaya zinazopewa watu kwa tofauti kama hiyo. Na mazoezi yenyewe sio jimu, ni kama kutembea kwa haraka dakika 45 hivi, mara 3 au 4 kwa wiki, juu ya ulichokuwa unafanya. Mzee anatoka saa 12 asubuhi, anazunguka uwanja wa shule, anarudi na maandazi ambayo sina uhakika utafiti uliyahesabu.

Cha mwisho kinatuhusu sisi watoto wake na huwa tunakiruka. Mzazi au ndugu wa tumbo moja akipata hii kansa, wewe unatakiwa uanze kupimwa kwa kamera ukifika miaka 40, au miaka 10 kabla ya umri aliogundulika yeye, ile inayotangulia. Mzee aligundulika na 63 baada ya mwaka mzima wa kutibiwa bawasiri ambayo hakuwa nayo, kwahiyo kwangu ni 40, na 40 ni mwakani. Nimempigia kelele mdogo wangu, kanijibu kwa emoji.

Mzee ana daftari, lile kubwa la mistari la mahakamani, kila tarehe ya hospitali kaiandika kama anavyoandika mashauri: tarehe, CEA, picha, aliyemwona, amri. Kwenye amri kila mara ni neno moja, "imeahirishwa". Juzi CEA ilikuwa 2.1, picha hamna jipya. Nikamwambia mzee hii si unaweza kuandika kitu kizuri zaidi hata mara moja? Akavaa miwani, akafikiria kweli, akaandika "imeahirishwa", akaniomba nimshikie kalamu maana vidole vilikuwa vimekufa ganzi, alafu akanitajia tarehe ya kurudi nimwandikie.